Kibole Kikivimba: Upasuaji au Dawa?

Kibole ni kitu gani, na kinauguaje?

Kibole, ambacho wengi Nairobi hukiita apendiksi, ni kifuko chembamba mfano wa kidole kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kulia wa tumbo. Tundu lake likiziba, aghalabu kwa kinyesi kilichokauka kikawa kijiwe au kwa tezi zilizovimba, ute hukwama ndani, bakteria huzaana na ukuta wake hukosa damu ya kutosha. Mara nyingine chanzo hakionekani kabisa. Watoto wengi wamekatazwa mapera kwa hofu kwamba mbegu zake huziba kibole, lakini ni nadra sana mbegu ya tunda kuonekana ndiyo chanzo.

Maumivu kwa kawaida huanzia kitovuni, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia na kukaa hapo. Hamu ya chakula hupotea, kichefuchefu hufuata, homa hupanda kidogo. Mgonjwa hutembea ameinama na huogopa kukohoa. Swali moja rahisi la kumuuliza ni hili: matatu iliporuka tuta njiani, uliumia zaidi? Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta wagonjwa 33 kati ya 34 wenye ugonjwa huu waliumia gari lilipopita kwenye tuta. Asiyeumia tutani pengine haugui kibole. Anayeumia anaweza kuwa anakiugua, au akawa na jambo jingine tumboni.

Kliniki ya mtaani iliniambia ni taifodi. Nitajuaje?

Hili hutokea sana, na ndilo linalochelewesha watu wengi. Kipimo cha Widal, kile cha tone la damu kinachotoa jibu la taifodi baada ya dakika chache, huweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiyeugua, hasa mahali ambapo wengi wamewahi kukutana na vimelea hivyo. Maumivu yaliyohama kutoka kitovuni hadi chini kulia yachunguzwe kama kibole hata karatasi ya maabara ikisema taifodi, amiba au vidonda vya tumbo.

Hospitalini daktari atakubonyeza tumbo, atapima seli nyeupe za damu na mkojo, na kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa atapimwa mimba. Usikasirikie kipimo hicho. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi huuma mahali palepale na huua haraka zaidi.

Kisha picha. Ultrasaundi haina mionzi, lakini gesi ya utumbo huweza kukificha kibole, kwa hiyo ripoti inayosema "hakikuonekana" haimaanishi kiko salama. Skani ya CT huonyesha vizuri zaidi: kibole chenye kipenyo kinachozidi milimita 6, ukuta ulionenepa, kijiwe ndani, usaha au hewa nje yake.

Wakisema "hakina matatizo", wanamaanisha nini?

Kwamba kimevimba lakini hakijapasuka, hakuna jipu pembeni, usaha haujasambaa tumboni, na picha haikuonyesha uvimbe unaoshukiwa kuwa saratani. Mazungumzo ya kuchagua kati ya kisu na dawa yanawahusu hawa tu. Kilichokwisha kupasuka kina njia yake, nayo haingoji uchaguzi wa mgonjwa.

Ni kweli dawa pekee zinaponya?

Kwa wengi, ndiyo, angalau kwa muda. Ufini ilifanya utafiti uitwao APPAC kwa watu wazima 530 waliothibitishwa kwa skani ya CT, na kuwaondoa wenye kijiwe. Kati ya waliopewa antibiotiki, takriban 27 katika kila 100 walifanyiwa upasuaji ndani ya mwaka mmoja. Kufikia miaka mitano, ugonjwa ulikuwa umewarudia karibu 39 katika kila 100. Marekani nayo ilifanya utafiti wa CODA kwa watu 1,552, wenye vijiwe wakiwemo. Ndani ya siku 90, waliotumia dawa na wakaishia thieta walikuwa 29 katika kila 100. Ukiwatenganisha, wenye kijiwe walikuwa 41 na wasio nacho 25. Baada ya miaka mitatu hadi minne, karibu nusu ya wote waliokuwa wametumia dawa walikuwa wameondolewa kibole.

Soma takwimu hizi pande zote mbili. Zaidi ya nusu ya Wafini waliotumia dawa waliishi miaka mitano bila kupasuliwa. Tena waliosubiri na kupasuliwa baadaye, wengi wao hawakukuta ugonjwa umekuwa mbaya zaidi kwa sababu ya kusubiri chini ya uangalizi.

Kwa watoto, utafiti wa nchi tano uliochapishwa mwaka 2025, wenye watoto 936 wa miaka 5 hadi 16, ulionyesha matibabu kushindwa ndani ya mwaka kwa 34 katika kila 100 waliopewa dawa, na 7 katika kila 100 waliopasuliwa.

Nani asichague dawa?

Mwenye kijiwe kwenye picha, kwanza kabisa. Mjamzito pia kwa kawaida hushauriwa upasuaji, kwa kuwa kibole kikipasuka mtoto tumboni huwa hatarini. Mwenye kinga dhaifu ya mwili, mwenye homa kali na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, au mwenye tumbo gumu kama ubao hatakiwi kujaribu. Aliyepita miaka 40 aambiwe wazi kwamba uvimbe wa saratani, ingawa ni nadra, huweza kujificha kwenye kibole, na dawa hazitoi kipande cha kupeleka maabara.

Jambo lingine halimo kwenye vipimo vya damu, ila lina uzito mkubwa: unaishi na kufanya kazi wapi? Mtu wa Kasarani anayeweza kufika hospitali yenye thieta usiku wowote ana nafasi nzuri ya kujaribu dawa. Dereva wa lori anayeshinda barabara ya Mombasa hadi Malaba, au anayesafiri wiki ijayo kwenda mahali ambapo hospitali ya upasuaji iko saa nyingi mbali, ni afadhali akitoe kabla hajaondoka.

Matibabu ya dawa yanaendaje hasa?

Huanzia wodini, kwa dripu, angalau saa 24. Mchanganyiko unaopatikana hospitali nyingi ni seftriaksoni mara moja kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8. Ukianza kula na maumivu yakipungua, utapewa vidonge vya kwenda navyo nyumbani, jumla ya siku ziwe kati ya 7 na 10. Mwambie daktari mapema kama penisilini iliwahi kukudhuru. Usinywe pombe ukiwa kwenye metronidazoli, wala siku mbili baada ya kuimaliza.

Yanayoharibu matibabu haya ni matatu. Kuacha vidonge siku ya nne kwa sababu maumivu yameisha. Kutorudi kuangaliwa. Na baya kuliko yote, kununua antibiotiki kwenye kemisti bila picha wala daktari. Huyo hajatibiwa kwa njia ya dawa tunayoizungumzia hapa. Hajui kama kibole kimepasuka, hana kipimo sahihi cha dawa, wala hakuna anayemwangalia ikishindwa.

Na upasuaji?

Hutakula kwa saa 6 na hutakunywa maji kwa saa 2 kabla ya nusukaputi. Antibiotiki hutolewa ndani ya saa moja kabla ya kisu kugusa ngozi. Upasuaji wa wazi hukata sentimita chache chini kulia. Ule wa matundu hutumia vitobo vitatu, kamera, na gesi ya kaboni dioksidi ya kuinua ukuta wa tumbo. Gesi inayobaki huchokoza kiwambo cha kupumulia na kuleta maumivu begani siku moja au mbili. Bega lako halina shida. Mshipa wa kibole hufungwa, shina lake hufungwa, kisha kibole hukatwa na kupelekwa maabara.

Wengi huenda nyumbani baada ya siku moja au mbili. Wa matundu hurudi kazini baada ya wiki moja hadi mbili, wa wazi wiki mbili hadi nne. Mtungi wa maji wa lita 20 uache kwa wiki 4 hadi 6 ukipasuliwa kwa njia ya wazi, maana mshono wa ndani ukiachia, ngiri hufuata. Matatizo yanayoonekana zaidi ni kidonda kutunga usaha, jipu ndani ya tumbo, na miaka baadaye utumbo kunata kwenye makovu.

Nimeambiwa thieta ni kesho asubuhi. Si nitapasukiwa usiku?

Ikiwa picha na daktari wamethibitisha hakijapasuka, kusubiri wodini ni salama kuliko unavyodhani. Utafiti wa Ufini na Norwe wa mwaka 2023 ulilinganisha kupasuliwa ndani ya saa 8 na ndani ya saa 24: waliokutwa na kibole kilichopasuka walikuwa 8 katika kila 100 kwa waliopangiwa saa 8 na 9 kwa waliopangiwa saa 24. Dawa ya maumivu unaruhusiwa kuiomba, nayo haitaficha ugonjwa. Dawa ya kulainisha choo na enema, yaani kuingiziwa maji kwa njia ya haja kubwa, usitumie.

Lakini mwite muuguzi mara moja maumivu yakikoma ghafla kisha yakaenea tumbo zima. Huko ndiko kupasuka.

Ipi ni nafuu kwa mfuko?

Dawa leo, pengine upasuaji kesho kutwa, kwa hiyo usihesabu bili ya kwanza peke yake. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Thibitisha usajili na michango yako kabla ya kulazwa, na uliza dawati la hospitali kipi kinalipiwa.

Nilitumia dawa, nimepona. Baadaye je?

Hifadhi ripoti ya picha na majina ya dawa ulizopewa, hata ukiipiga picha kwa simu. Ndani ya saa 48 za kwanza, rudi ikiwa maumivu hayajapungua, homa inazidi nyuzi 38 au unatapika vidonge. Baada ya hapo, maumivu yaleyale yakirudi mwezi ujao au mwaka ujao, usianze na Panadol na kulala. Nenda na ripoti hiyo mkononi, na safari hii tarajia kushauriwa kukitoa.