Blackjack: maneno ya mezani na hesabu zenyewe

Blackjack ni gemu mtu anafundishwa dakika tano alafu anaicheza miaka kwa imani za kusikia sikia. Sheria zenyewe chache, 2 mpaka 10 zinahesabiwa kama zilivyo, J, Q na K kila moja ni 10, A ni 1 au 11 vile inavyokufaa, na kopa, uru, shupaza au pau hazina kazi yoyote hapa. Kwahiyo shida sio sheria, shida ni kwamba kila aliyekaa mezani ni mwalimu, na masomo yao mengi ukiyapigia hesabu hayasimami.

"Lengo ni kufika 21 au kuikaribia"

Hii ndo mama wa makosa yote. Lengo ni kumshinda dila, yaani mfanyakazi wa kasino anayegawa karata na kucheza dhidi yako, basi, na unaweza kumshinda kwa kuwa na namba kubwa kuliko yake au yeye akibasti, yaani akipita 21, wakati wewe bado uko hai. Watu wanashinda na 12 kila siku. Dila hana maamuzi yake, sheria inamwambia avute, yaani aongeze karata, mpaka 17 ndo asimame, na kwa kufuata hivyo anabasti kama mara 28 katika raundi 100. Sasa angalia hii: karata yake ya wazi ikiwa 5 au 6 anabasti kama mara 42, ikiwa 10 inashuka mpaka kama 21. Ndo maana ukiwa na 13 mbele ya 6 unatulia, ila 13 hiyo hiyo mbele ya 10 unavuta. Namba yako peke yake haikwambii kitu mpaka uiangalie pamoja na karata ya dila.

"Mimi na dila tunapata karata zile zile, kwahiyo ni nusu kwa nusu"

Ingekuwa hivyo kasino zingeshafungwa. Faida yao imejificha sehemu moja tu: wewe unaanza. Ukibasti dau linachukuliwa hapo hapo, hata kama baadaye dila naye anabasti hakuna wa kukurudishia. Chukua mtu anayemuiga dila kila kitu, anavuta mpaka 17 ndo anaacha, yeye atabasti 28 katika 100 na dila 28 katika 100, wote wawili pamoja ni kama raundi 8 katika 100, na hizo 8 zote zinaenda kwa nyumba, yaani kasino. Kidogo anachorudishiwa ni kule kulipwa 3 kwa 2 akipata blackjack, yaani A na karata ya 10 kwenye mbili za mwanzo, lakini mwisho wa hesabu anapoteza kama 5.5 kwa kila 100 anazoweka. Yule mwoga asiyetaka kubasti kabisa, anayebaki kila akifika 12, anapoteza kama 3.9. Na anayefuata mkakati wa msingi, ile chati inayokwambia ufanye nini kwa kila namba yako dhidi ya kila karata ya dila, anashuka mpaka karibu 0.5 kwenye meza yenye sheria nzuri.

Meza ileile, karata zilezile, tofauti karibu mara kumi na moja. Na hiyo chati haikutoka kwa wazoefu wa kamari, waliipigia hesabu wanajeshi wanne wa Marekani, Roger Baldwin, Wilbert Cantey, Herbert Maisel na James McDermott, wakachapisha mwaka 1956, na walitumia mashine za mezani za kujumlishia, sio kompyuta. Baadaye kompyuta zilipokuja kuhakikisha zikakuta jamaa walikuwa sahihi karibu kila sehemu.

"Ukiwa na 12 au zaidi acha, ukivuta utabasti"

Ukiwa na 12 kinachokuua ni karata za 10 tu, na ziko 16 kwenye karata 52, kama asilimia 31. Maana yake asilimia 69 unavuta na bado upo. Dila akionesha 7 alafu wewe umebaki na 12, unachosubiri ni yeye abasti, na kwa 7 hiyo inatokea kama mara 26 tu katika 100, kwahiyo kuogopa kwako kunakugharimu zaidi kuliko kuvuta. Hata mbele ya 2 na 3 chati inasema vuta ukiwa na 12, unabaki mbele ya 4, 5 na 6 pekee. Wengi hapa wanabisha sana.

Na ile 16 dhidi ya 10, hiyo ndo inatoa watu machozi. Ukivuta unapoteza kwa wastani kama 54 kwa kila 100, ukibaki ni kama 54 vilevile, kuvuta kunashinda kwa nywele tu. Ila kama meza inaruhusu kusarenda, yaani kurudisha karata na kuachia nusu ya dau, hapo unapoteza 50, na 50 ni ndogo kuliko 54. Mtu anakwambia kusarenda ni uwoga, mimi naona ni hesabu, mkakati mwingi wa blackjack ni kuchagua hasara ndogo kati ya hasara mbili na watu hawapendi kusikia hivyo.

"Yule wa kiti cha mwisho ametuharibia karata"

Hapana. Karata aliyovuta kabla ya dila hakuna aliyekuwa anaijua, inaweza kumwokoa dila au kumuua, sawa kabisa, ila siku alipowaokoa wote hakuna anayekumbuka kumshukuru. Tuendelee.

"Bima inakulinda, hasa ukiwa na blackjack"

Dila akionesha A anauliza kama unataka bima, unaweka nusu ya dau lako na kama karata yake ya ndani, ile iliyofunikwa, ni 10 unalipwa 2 kwa 1. Jina zuri, biashara mbaya. Fanya hivi, una dau la 100, bima ni 50, chukua mara 13. Kati ya hizo 13 dila atakuwa na 10 ndani mara 4, hapo unapata 100 mara 4, jumla 400. Mara 9 zilizobaki unapoteza 50 kila mara, jumla 450. Umetoka na hasara ya 50 na haijalishi wewe mwenyewe umeshika nini, 20 au 14, bima ni dau la pembeni linalojitegemea.

"Sawa, ila nikiwa na blackjack si nachukua hela yangu ya uhakika?" Hilo ndo linalowanasa hata wajanja. Ukikubali unapewa 100 yako hapo hapo. Ukikataa, mara 9 kati ya 13 unalipwa 150, mara 4 mnatoka sare unapata sifuri, jumla 1350 gawa kwa 13 inakuja karibu 104. Kwahiyo uhakika wako umeununua kwa 4. Sio nyingi, lakini kumbuka gemu nzima ukicheza vizuri inakula nusu tu ya asilimia.

"Ukipata mbili zinazofanana gawa, utashinda mara mbili"

Kugawa ni kuzitenganisha ziwe mikono miwili, kila mmoja na dau lake, na inategemea zipi. A mbili na 8 mbili gawa kila wakati, 10 mbili usiguse, tayari una 20 unataka nini tena. 5 mbili usigawe, hiyo ni 10, dabo dau, yaani ongeza dau mara mbili upewe karata moja tu, dila akionesha 2 mpaka 9. Na watu wenye A na 6 wanaobaki kwa sababu "17 inatosha" waache mara moja, hapo karata moja haiwezi kukubastisha hata iweje. A na 7 nayo, mbele ya 9, 10 na A unavuta.

"Ukipoteza ongeza dau mara mbili, lazima siku moja urudishe"

Ukianza na 10: 10, 20, 40, 80, 160, 320. Umepoteza mara sita mfululizo, umeshatoa 630, dau linalofuata ni 640 na meza nyingi zina kikomo, tuseme hapa ni 500. Umekwama. Ukitoa sare, mchezaji anapoteza raundi kidogo zaidi ya nusu, kwahiyo sita mfululizo inatokea kama mara 2 katika kila majaribio 100, na majaribio mengine yote 98 ulikuwa unapigania faida ya 10. Karata hazina deni na wewe.

"Meza ya pakiti moja ni bora kuliko ya pakiti sita"

Zamani ilikuwa kweli, na mpaka leo ni kweli kama sheria nyingine zote zinafanana. Tatizo hazifanani. Meza nyingi za pakiti moja zinalipa blackjack 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2. Kwa dau la 100 hiyo ni 120 badala ya 150, na blackjack inakuja kama mara moja kila raundi 21, gawanya hiyo 30 kwa 21 unapata kama 1.4 kwa kila 100. Umejifunza chati yote ukashusha faida ya nyumba mpaka 0.5, alafu umekaa meza inayokurudisha karibu na 2. Malipo yameandikwa kwenye kitambaa cha meza, soma kabla ya kukaa. Angalia pia kama dila anavuta akiwa na 17 yenye A, hiyo inaongeza kama 0.2 upande wao.

"Kuhesabu karata ni kazi ya majiniasi, na ni kosa la jinai"

Hakuna anayekariri karata 312 za pakiti sita. Njia maarufu ni hii, 2 mpaka 6 ongeza 1, 7, 8 na 9 acha, 10 na A toa 1. Jumla ikiwa juu maana yake karata kubwa zimebaki nyingi, blackjack zinakuja zaidi na dila anabasti zaidi. Jumla hiyo unaigawa kwa idadi ya pakiti ambazo hazijachezwa, na kila pointi moja inakusogezea kama nusu asilimia, kwahiyo kwenye 1 umelingana na nyumba, kuanzia 2 umempita. Hata bima ile ya juu inaanza kulipa ikifika kama 3. Edward Thorp, mtaalamu wa hisabati, alilianika wazo hili kwa umma mwaka 1962. Ugumu wake ni kufanya haraka bila kukosea, kwenye kelele, na kuwa na mtaji wa kuvumilia siku mbaya maana faida ni ndogo.

Kisheria, Nevada kuhesabu kwa kichwa sio kosa ila kasino inaweza kukuambia uondoke, kutumia kifaa ndo kosa tangu 1985. New Jersey mahakama kuu ya jimbo ilisema mwaka 1982, kwenye kesi ya Ken Uston, kwamba kasino haziwezi kumfukuza mtu kwa kuhesabu tu. Ila kwenye gemu za kompyuta zinazochanga karata upya kila raundi, au mashine inayochanga muda wote, unahesabu hewa.

"Kuangalia chati mezani ni kudanganya"

Kasino nyingi zinaruhusu, nyingine zinaiuza kabisa dukani kwao, mradi usicheleweshe wenzio. Hawana haja ya kukuficha, ukiifuata bila kukosea ile nusu asilimia bado ni yao.