Stelingi hafi, twajua. Sasa mbona tunatetemeka?

Ule msimu wa giza Unguja, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika tukakaa miezi mitatu hatuna hata taa ya choo, nyumbani kwetu mtaa wa Ng'ambo burudani ilikuwa kitabu kimoja tu. Riwaya ya kijasusi, jalada limeshatoka zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, na inaanzia ukurasa wa 9 kwa hivyo hata jina lake hatulijui. Msomaji mie, chini ya chemli. Wasikilizaji ni bibi aliyekuja kutoka Wete, kisiwani Pemba, kutembea akanasa na sie gizani, mjomba, na watoto wa jirani wanaojifanya wamekuja kuomba kibiriti.

Bibi hakukubali nianze hivi hivi. Mpaka niseme paukwa wao waitikie pakawa, alafu hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Nikamwambia bibi hiki ni kitabu, si ngano. Akanambia kwani kitabu hakina uwongo?

Usiku wa tatu jasusi wetu akarushwa dirishani ghorofa ya tano, akaangukia gari la magodoro lililokuwa linapita, akajikung'uta vumbi, akaendelea kumfukuza adui. Mjomba akaguna, ah, hapa sasa katufanya watoto. Bibi wala hakumtazama. "We nyamaza. Uwongo si tumeuita wenyewe?"

Nimesoma mengi tokea siku hiyo kuhusu kwa nini binaadamu anapenda hadithi za chumvi nyingi, za majasusi wasiokufa na visiwa vya dhahabu na madaktari wendawazimu, na wallahi sijaona jibu zuri kuliko la bibi. Mshairi mmoja wa Kiingereza, Samuel Taylor Coleridge, mwaka 1817 aliandika kwamba msomaji anakubali kwa hiari yake kuiweka pembeni ile hali ya kutosadiki. Wasomi wanamnukuu mpaka leo. Lakini Coleridge anaweka shaka pembeni tu, sie huku tunautuma mwaliko kabisa, uwongo njoo, karibu ndani, kaa kitako, na masharti tunakupa, utamu ukolee. Usipokolea tunakufukuza.

Na hizi si habari za juzi. Edward Steere, yule mmisionari aliyekuja kuwa askofu hapa Unguja, alikusanya ngano za watu wa hapa akazichapisha London mwaka 1870. Humo kuna paa aliyenunuliwa kwa thumuni, anaongea, anamtafutia bwana wake maskini mke mtoto wa sultani, na anamuua nyoka mwenye vichwa saba. Kuna na nunda mla watu, ambaye alianza kama paka wa sultani tu, sultani akawa anamtetea kila akileta madhara mpaka akageuka balaa la nchi nzima. Kijana mdogo wa sultani anaingia porini kumtafuta, anaua mbwa anamletea mama yake, mama anamwambia mwanangu siye huyu. Anarudi porini anaua kikubwa zaidi, siye. Anafika kwenye twiga, kifaru, tembo, bado siye. Mtoto anayesikiliza anajua kabisa nunda yuko mwisho wa hadithi na atauliwa, lakini kila mama akisema "siye huyu" mwili unasisimka upya.

Sasa sikia hii. Miaka ya 1930 Marekani kulikuwa na mwandishi anaitwa Lester Dent, ndiye aliyeandika hadithi nyingi za shujaa Doc Savage, na alikuwa na mtindo wake wa kazi ambao hakuuficha. Hadithi ya maneno 6000 aigawe mafungu manne ya maneno 1500, na kila fungu amzidishie shujaa balaa, na mwisho wa fungu pawe na jambo la kushtua. Ndo nunda yule yule huyo! Sijui kama aliwahi kuisikia ngano yetu, sidhani, lakini kiu ni ile ile.

Alikuwa anaandika kwenye yale majarida ya bei rahisi ambayo kwa Kiingereza yakiitwa pulp, kwa sababu karatasi yake ilitokana na rojo la mbao, duni, la kukwaruza, na kwa vile halikusafishwa vizuri likikaa linageuka manjano na kukatikakatika. Aliyeyaanzisha ni Frank Munsey, mwaka 1896, na jarida lake la Argosy: hadithi tupu, karatasi ya ovyo, senti 10. Waandishi wengi walilipwa kwa neno, mara nyingi senti moja, basi unafikiri mtu atakaa kuelezea machweo ya jua kurasa tatu? Hapana, msomaji akichoka hanunui toleo la wiki ijayo, na mwandishi hali. Walter Gibson aliandika riwaya zaidi ya 280 za shujaa mmoja tu, The Shadow, kuna wakati zikitoka mbili kila mwezi. Chumvi ile ilikuwa njaa ya watu wawili, wa kusoma na wa kuandika.

Haya, lakini swali langu liko pale pale. Twajua stelingi hafi, tunalijua tokea tuko wadogo tunaangalia video kwenye mabanda kwa shilingi hamsini, na bado mapigo ya moyo yanaenda mbio. Kwa nini?

Sehemu ya jibu iko mwilini. Ubongo una kitu kidogo ndani kinaitwa amigdala kazi yake kunusa hatari, nacho hakisubiri ukamilishe kufikiri. Unasoma mtu amejificha chini ya kitanda na buti za adui ziko mbele ya pua yake, mwili unaanza kutoa adrenalini, viganja vinalowa jasho. Ile sehemu ya akili yenye kujua kwamba hizi ni wino na karatasi inakuja nyuma inasema tulia, uko kwenye mkeka, umejifunika khanga ya mama. Hapo ndo penye raha, pale pembamba baina ya mwili ulioshtuka na akili iliyotulia. Na mtaalamu mmoja wa saikolojia, Dolf Zillmann, miaka ya 1970 alieleza kitu kingine, kwamba ule msisimko wa hofu hauondoki papo hapo hatari ikiisha, unabaki mwilini, kwa hiyo stelingi akiponyoka furaha yako inapanda juu ya mapigo ya moyo ambayo bado hayajatulia na unafurahi kuliko ungefurahi bure bure. Ndo maana ukimaliza sura unajikuta unacheka peke yako kama mwehu.

Ukitaka kujua kwamba kile kizuizi cha "ni uwongo" ndicho kinacholeta utamu, kumbuka 1995 ya popobawa, yule shetani aliyesemekana anavamia watu usiku majumbani mwao. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima, wanaume na ndevu zao, wanalala nje kwa makundi na moto umewashwa kwa kuogopa kuingia ndani. Kiumbe chenyewe kama kimetoka kwenye riwaya. Lakini hakuna aliyefurahia hata dakika moja, kwa sababu hakuna aliyesema uwongo njoo. Ule ulikuja bila ya kuitwa.

Jengine ni kwamba tukishajua hafi, swali linageuka. Hatuulizi tena atapona? Tunauliza atapona vipi hapa, kafungwa kamba, maji yanapanda, kisu kiko upande wa pili? Inakuwa kama kumuangalia fundi wa bao, unajua atamfunga mgeni wa watu lakini huondoki barazani, unataka kuona kete atazipitisha wapi.

Hapo ndo tulipobarikiwa sisi Wazanzibari kwa Muhammed Said Abdulla, mtoto wa Makunduchi, aliyeshinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya Afrika Mashariki ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikatoka kitabu 1960. Maiti inakutwa mzimuni, watu tayari wanaangaliana kwa habari za mizimu, anatokea mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na swahibu yake Najum, anatumia akili tupu. Kisha akaandika kuhusu kisima cha Giningi, na ukitaja Giningi kwa mtu wa Pemba huna haja ya kumfafanulia kuwa ni makao ya wachawi. Ujanja wake ni kwamba anakuachia uchawi ukutishe kwanza, kurasa na kurasa, alafu ndo anakuonyesha mkono wa mtu. Unapata vyote viwili.

Skuli tulikuwa tunaambiwa riwaya za upelelezi na ujasusi ni fasihi pendwa, na mwalimu akilitamka lile neno pendwa unaona kabisa mdomo unamkaa upande, kama kupendwa ni maradhi. Mie naona wanaodharau hawajajaribu kuandika hata moja. Kudanganya vizuri kuna sheria.

Sheria kubwa ni hii: uwongo mkubwa ruhusa, uwongo mdogo hapana. Edgar Rice Burroughs, aliyekuwa akifanya biashara ya vichongeo vya penseli na hajawahi kutia mguu Afrika, mwaka 1912 alitoa kwenye jarida hadithi ya Tarzan, mtoto wa Kizungu aliyelelewa na manyani porini kwetu. Watu wakaimeza vizuri tu, manyani yanaongea, mtoto anajifunza kusoma mwenyewe kwa vitabu vya picha. Lakini mule alimtia chui milia, yule wa Bara Hindi, na huyo ndo aliyekwama kooni, maana Afrika hayuko. Kwenye kitabu akabadilishwa, akawa simba jike.

Na mie yamenikuta. Kuna simulizi ya kijasusi ilikuwa inatembea WhatsApp, unasoma sehemu 30 za bure, ikifika patamu "itaendelea, tuma elfu mbili". Jasusi kaua watu kumi na mbili kwa kijiko cha chai, kundi zima tunashangilia. Sehemu ya 22 akachukua teksi kutoka Darajani hapa Unguja mpaka Chake Chake, Pemba, ng'ambo ya bahari. Teksi! Hakuna aliyelala siku hiyo, watu wanauliza hiyo teksi ina matanga?

Hiyo "itaendelea" nayo ni dawa ya zamani. Bluma Zeigarnik alichapisha mwaka 1927 utafiti wa watu waliopewa kazi wakakatizwa katikati, na wakawa wanazikumbuka zile zilizokatizwa kuliko walizozimaliza. Waliorudia baadae hawakupata jibu hilo kila mara, lakini mie shahidi, kitabu chetu cha msimu wa giza hakikuwa na kurasa za mwisho. Kimekatika pale bosi wa majasusi anavua miwani, anasema "kumbe hukunitambua", basi. Nadhani zilizobaki zilifungiwa karanga. Tulibishana wiki mbili. Mjomba alisema bosi ndiye baba yake. Bibi akasema hapana, ni yule mke aliyezikwa sura ya kwanza, maiti haikuonyeshwa uso, akatupangia na mwisho wote mpaka mahari.

Miaka sita baadae nikakiona kizima kwenye meza ya vitabu vya mtumba Dar, nikakijua kwa yale magodoro. Nikampigia bibi Wete, nikamsomea zile kurasa nne kwenye simu. Kumbe bosi alikuwa pacha wa adui.

Bibi akasikiliza mpaka neno la mwisho, akakaa kimya kidogo, akasema huyo mwandishi kakosea.