Barabara ya vumbi: maji kwanza, lori baadaye

Dhana: Malori mazito ndiyo yanayoharibu barabara za vijijini.

Lori mara nyingi humalizia kazi iliyoanzwa na maji. Udongo mkavu ulioshindiliwa hubeba mzigo; ukilowa, hata mkokoteni huacha alama. Ndiyo maana barabara ya changarawe hupewa mgongo: katikati juu, pembeni chini, kwa mteremko wa takriban sentimita 5 kwa kila mita. Mgongo ukilala, maji hutuama kwenye njia za matairi, na kuanzia hapo mashimo ni suala la siku tu. Mtaro wa pembeni peke yake hautoshi. Usipokuwa na michepuo ya kuyatoa maji nje ya barabara, huchimbika ukawa korongo. Anayetaka kuikagua barabara aende mvua ikinyesha, avae mabuti, afuate maji yanakokwenda. Ukaguzi wa kiangazi huona vumbi tu.

Dhana: Bila greda hakuna matengenezo.

Kuzibua kalavati, kusafisha mtaro na kuziba mashimo ni kazi za jembe, chepe na sururu. Greda lina nafasi yake, lakini likiendeshwa ovyo hulaza mgongo na kuacha tuta pembeni linalozuia maji yasifike mtaroni.

Dhana: Shimo hujazwa kwa udongo wowote.

Tope la mtaroni litarudi kuwa tope. Toa maji na udongo laini, chonga kingo zisimame wima, jaza changarawe yenye unyevu tabaka kwa tabaka ukishindilia, na umalizie juu kidogo ya uso wa barabara.

Dhana: Nyasi za kando zing'olewe zote.

Zifyekwe tu. Mizizi hushika udongo.

Dhana: Tungoje iharibike, ndipo tuombe fedha.

Hii ndiyo ghali kuliko zote. Mwaka 1994 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba matengenezo ya wakati ya dola bilioni 12 yangeepusha gharama ya dola bilioni 45 za kujenga upya barabara barani Afrika katika mwongo uliotangulia.

Dhana: Barabara ni yao, wanakijiji wajitolee.

Msaragambo hufaa kwa kazi ya siku moja. Mtaro hutaka mtu yuleyule mwaka mzima, hata msimu wa palizi, na huyo hulipwa. Nchini Peru, mpango wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1995 uliwapa wakazi waliojiunga katika vikundi vidogo vya biashara mikataba ya kutunza barabara zao wenyewe.