Kapilya za Ufilipino: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitaja imani ya Wafilipino, wengi huwaza makanisa makubwa ya mawe kama San Agustin la Manila, mojawapo ya manne yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1993. Mimi huwaza kapilya ya mtaani: chumba kimoja, paa la bati, kengele, sanamu ya mtakatifu msimamizi. Hiyo ndiyo inayosemwa vibaya zaidi.

Dhana: Bila padri, kapilya haina uhai.

Msomaji Mkatoliki wa Tanzania atanielewa nikisema kapilya ni kigango. Tangu karne ya 16, watawa wa Kihispania walikuwa wachache na vijiji vilitawanyika. Padri alikaa kwenye mji mkuu wa parokia, na kanisa dogo la pembeni likaitwa *visita*, kwa sababu alilitembelea tu. Katikati ya ziara hizo, walei, yaani waumini wasio mapadri wala watawa, ndio waliosimamia rozari, novena na sala za kuombea marehemu. Katika vitongoji vingi vya leo, *barangay*, bado ni hivyo: misa husubiri zamu ya padri, sala haisubiri.

Angalia Juma Kuu. Watu hukusanyika kapilyani au nyumbani kwa mtu kuimba *Pasyon*, simulizi la mateso ya Yesu. Sisi tungeuita utenzi bila kusita, maana kila mshororo una mizani nane kama tenzi zetu, ila ubeti wao una mishororo mitano, si minne. Huimba kwa kupokezana, usiku na mchana, mpaka ubeti wa mwisho, na mwenyeji huwalisha waimbaji wote. Pasyon ya kwanza ya Kitagalog iliyochapwa, mwanzoni mwa miaka ya 1700, ilitungwa na Gaspar Aquino de Belén, mlei aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha watawa Wajesuiti. Kwangu mimi hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili: Wafilipino waliipokea dini kwa wageni, kisha wakaitia katika lugha yao na kuilea wenyewe.

Dhana: Kapilya zote ni mabaki ya ukoloni.

Katika mkoa wa Batangas kuna *tuklong*, vibanda vya sala ambavyo kwa desturi vilijengwa kwa mianzi na makuti kwa ajili ya Mei, mwezi wa watoto kumtolea Bikira Maria maua. Na katika Chuo Kikuu cha Ufilipino, Diliman, kuna kapilya ya duara iliyokamilika mwaka 1955, kazi ya msanifu Leandro Locsin. Altare yake iko katikati na waumini huizunguka pande zote, miaka kadhaa kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu ulioleta mageuzi katika ibada ya Kikatoliki. Msalaba ulichongwa na Napoleon Abueva, na Njia ya Msalaba ikachorwa na Vicente Manansala. Wote hao ni Wafilipino.

Dhana: Neno kapilya ni la Wakatoliki peke yao.

La. Iglesia ni Cristo, dhehebu lililosajiliwa mwaka 1914, huita nyumba zake za ibada kapilya, hata zile kubwa mno.

Dhana: Sikukuu ya mtakatifu msimamizi ni kula na kunywa tu.

Chakula kipo tele, na mgeni asiyejulikana hukaribishwa mezani. Lakini hutanguliwa na novena ya siku tisa, kisha misa na maandamano. Watu wengi hawajui kwamba baadhi ya sanamu zinazobebwa ni mali ya familia, si ya parokia. Familia hizo hurithishana kazi ya kuitunza sanamu, kuivisha na kupamba gari lake. Mzazi akifariki, mtoto hupokea kanzu zile zilizotariziwa pamoja na wajibu wake, na siku ya maandamano ikifika huitoa sanamu nyumbani kama mzazi wake alivyokuwa akifanya.