Volti 12 si umeme mdogo: dhana potofu kuhusu betri ya pili na inveta kwenye gari la kazi

Wiki hii mteja mwingine ameniambia maneno ambayo nimeyasikia tangu nianze kufunga umeme kwenye magari ya kazi: "Fundi, usihangaike na waya mnene, hizi ni volti 12 tu." Alikuwa seremala makini, anayejua unene wa kila msumari anaoutumia, na bado aliamini kwamba volti chache maana yake ni umeme mdogo. Dhana hii nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu nyingine zote hula fedha za mtu, lakini hii huweza kuliunguza gari na kila kilichomo.

Ukweli ni kwamba wati hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea (kiasi cha umeme unaopita kwenye waya), hivyo volti zikipungua, ampea hazina budi kuongezeka ili kazi ile ile ifanyike. Msumeno wa wati 1,500 ukichomekwa kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 huvuta ampea zisizofika 7. Msumeno huo huo ukiendeshwa kwa inveta, yaani kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa volti 230, waya unaotoka kwenye betri hubeba takriban ampea 150, kwa kuwa inveta nayo hupoteza sehemu ya umeme kama joto na volti za betri hushuka mzigo unapoingia. Kinachoupasha waya moto ni ampea, wala si volti, na joto hilo halipandi kwa uwiano sawa: ampea zikiongezeka maradufu, joto huwa mara nne.

Katika gari la seremala huyo nilikuta waya wa shaba wa milimita za mraba 16, uliotoka kwenye betri mbele, ukaenda mita 4 hadi kwenye inveta nyuma ya viti, na mwingine kama huo wa kurudi. Lalamiko lake lilikuwa kwamba inveta ni mbovu, maana ilijizima kila msumeno ulipozama kwenye ubao mgumu. Nilimwomba aukate ubao huku mimi nikipima. Kwenye vichwa vya betri mita ilisoma volti 11.9, kwenye vichwa vya inveta ilisoma 10.6. Volti 1.3 zilikuwa zimepotelea njiani, na kwa ampea 150 hizo ni karibu wati 195 za joto zilizokuwa zikimwagika ndani ya waya uliolazwa chini ya zulia. Tulipoliinua zulia, ganda la waya lilikuwa limelainika na kugandana na sponji. Inveta nyingi hujizima volti zinapokaribia 10.5, kwa hiyo ile ilikuwa ikifanya inavyopaswa kufanya, na inasikitisha kwamba alikwisha kuitupa nyingine kabla yake kwa kosa lisilo lake.

Dawa haikuwa inveta ya tatu. Betri ya pili, ile ya kuendeshea vifaa mbali na ya kuwashia gari, niliihamishia nyuma, inveta nikaifunga umbali usiozidi mita 1 kutoka kwenye betri hiyo, na kati yake nikaweka kebo ya milimita za mraba 70, ambayo kwa mzigo ule ule hupoteza chini ya volti 0.1. Waya mrefu ukabaki ule wa kuchajia peke yake, ambao hubeba ampea chache zaidi. Ninawasihi wote wanaopanga mfumo wa namna hii waanze na jambo hili kabla ya kununua chochote: inveta ikae jirani na betri, na urefu wa waya uwe upande wa volti 230, ambako ampea ni kidogo. Wajihadhari pia na kebo za alumini zilizopakwa shaba juu, ambazo huonekana nene lakini hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba halisi ya unene huo.

Dhana hiyo imezaa nyingine: kwamba fyuzi iliyo ndani ya inveta inatosha. Fyuzi ya inveta huilinda inveta. Waya unaotoka kwenye betri hadi hapo hauna mlinzi. Ukichubuka kwenye ukingo wa bati na kugusa bodi, betri ya kawaida huweza kusukuma zaidi ya ampea 1,000 kwa mkupuo, na hakuna mkono utakaowahi kuuchomoa. Fyuzi kuu lazima ikae kwenye betri yenyewe, ndani ya sentimita 20 hivi kutoka kwenye kichwa chanya, na ukubwa wake usizidi uwezo wa waya. Waya unaounganisha betri mbili unahitaji fyuzi kila mwisho, kwa sababu umeme unaweza kuingia kutoka pande zote mbili. Hapa sikubali mjadala, na gari lisilo na fyuzi hizo silikabidhi kwa mwenyewe.

Wengine husema kuwa altaneta, yaani mtambo wa injini unaozalisha umeme wa gari, itaijaza betri ya pili yenyewe, mradi kuna waya na rilei (swichi inayojifunga na kujifungua kwa umeme). Kwenye magari ya zamani yenye altaneta ya volti 14 na ushei zisizobadilika, maneno hayo yana ukweli. Magari mengi ya sasa hushusha volti za altaneta mara betri ya kuwashia inaporidhika, ili kupunguza ulaji wa mafuta, na rilei inayosubiri volti 13.3 ili ifunge mzunguko hukaa wazi muda mwingi wa safari. Hata ikifunga, betri iliyo nyuma hupokea volti pungufu na haijai kamwe. Kinachotakiwa ni chaja ya betri kwa betri, inayopokea volti zozote zilizopo na kuzipandisha hadi kiwango ambacho betri ya nyuma inakihitaji.

Kuhusu ukubwa wa inveta nitasema kwa ufupi: inveta haitengenezi umeme. Ya wati 3,000 hudumu muda ule ule wa betri, au pungufu. Na betri ya risasi ya saa-ampea 100 (ujazo wa betri, yaani ampea mara saa) haitoi 100 za kutumia. Kiwango hicho hupimwa kwa kuvuta ampea 5 kwa saa 20, na anayetaka betri idumu asiishushe chini ya nusu. Kwa ampea 150 za msumeno usiopumzika, betri hiyo haifiki hata nusu saa.

Betri ya lithiamu nayo haichomekwi tu mahali pa ile ya risasi. Hupokea umeme kwa pupa kiasi cha kuichemsha altaneta gari linapounguruma limesimama, na haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0 za sentigredi. Chaja niliyoitaja hapo juu huzuia ampea zisivuke kiwango ulichokiweka, nayo ni lazima.

La mwisho ni imani kwamba inveta isiyo na kazi haili umeme. Nyingi hula kati ya ampea 1 na 2 zikiwa zimewashwa tu. Ikisahauliwa tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, yaani saa 60 hivi, kwa ampea 1.5 huwa imekunywa saa-ampea 90, na betri ya risasi iliyofikishwa hapo mara chache tu haitarudia uwezo wake. Ndiyo maana swichi ya mbali ya kuizima inveta huifunga karibu na usukani, mahali ambapo mkono wa dereva hupita anapochomoa ufunguo.