Holbein, Sargent na saa tatu za kukaa kitini

Tarehe 12 Machi 1538, saa saba mchana, binti wa miaka 16 ambaye tayari alikuwa mjane alijitokeza mbele ya mchoraji mjini Brussels. Huyo ni Christina wa Denmark, aliyeolewa na mtawala wa Milan na kufiwa naye. Mchoraji ni Hans Holbein, Mjerumani aliyetumwa na Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Mke wa tatu wa mfalme alikuwa amefariki Oktoba iliyotangulia, na mzee alitaka kuona sura kabla ya kupeleka posa. Holbein alipewa muda hadi saa kumi alasiri. Saa tatu, basi.

Miaka 343 baadaye, mwaka 1881, mchoraji kijana wa miaka 25 aitwaye John Singer Sargent alimketisha rafiki yake wa tangu utotoni, Violet Paget, mwandishi aliyejulikana zaidi kwa jina la Vernon Lee. Naye alimaliza kwa kikao kimoja cha kama saa tatu.

Picha hizi zote mbili ziko kwenye majumba ya sanaa ya London leo, ya Christina National Gallery na ya Vernon Lee Tate. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huwa nawafungulia zote mbili kwenye simu, moja baada ya nyingine, halafu nanyamaza. Jibu huwa lile lile: huyu wa kwanza ni fundi, huyu wa pili alikuwa na haraka. Hapo ndipo tunapoanza kubishana, maana muda ni ule ule. Tofauti ni mtu anayechorwa alikuwa wapi rangi ilipokuwa inapakwa.

Holbein hakupaka rangi zile saa tatu. Alichukua sura na kuondoka nayo. Kwenye hazina ya kifalme kule Windsor kuna michoro yake ipatayo 80 ya watu wa ikulu ya Henry, na ukiitazama unaelewa alivyofanya kazi. Mingi iko kwenye karatasi aliyoipaka kwanza rangi ya waridi, ili rangi ya ngozi iwe tayari ipo kabla hajagusa chochote. Juu yake anaweka chaki za rangi na wino kidogo: ukingo wa shavu, kope, mfereji wa kati ya pua na mdomo. Nguo anaikwangua tu kwa mistari michache, kisha anaandika pembeni kwa Kijerumani, mahameli nyeusi hapa, mahameli nyeupe pale. Yaani anajiandikia oda. Mahameli inaweza kusubiri, uso hausubiri.

Akirudi karakanani, mchoro unahamia kwenye ubao wa mwaloni. Mmoja wa michoro yake ya Thomas More umetobolewa vitundu kwenye mistari yote, vile vya kupitishia unga wa mkaa ili alama zibaki upande wa pili. Fundi yeyote wa zamani wa mabango anaijua njia hii. Mimi mwenyewe nilianza kwa kuandika majina ya maduka, na tulitoboa karatasi za khaki kwa sindano ya cherehani tukipiga unga wa mkaa uliofungwa kwenye kitambaa. Nilipokuja kujua kwamba Holbein alifanya hivyo hivyo kwa uso wa mtu mkubwa serikalini, nilifurahi kuliko inavyostahili.

Kwa hiyo picha ya Christina, yenye urefu wa karibu sentimita 179, ilichorwa mwenyewe akiwa ng'ambo ya bahari. Na inaonekana. Hana mwanga wa saa fulani ya siku. Uso umemulikwa sawasawa, kivuli kidogo sana, umbo lote limebebwa na mstari wa nje. Ziba macho na mdomo kwa kidole, ubaki na ukingo wa shavu na kidevu tu: bado ni yeye. Nguo ni nyeusi ya msiba, kubwa, nzito, halafu katikati ya weusi wote huo mikono miwili mieupe imeshikana, na pete moja yenye jiwe jekundu. Hata kupumua hapumui, lakini yupo.

Ndoa haikufanyika. Mwaka uliofuata Holbein alitumwa kumchora Anne wa Cleves. Safari hiyo harusi ikafungwa Januari 1540, mfalme akamkataa bibi harusi, na Julai ndoa ikabatilishwa. Watu hupenda kusema Holbein alimpamba mno. Mimi naona alifanya kile alichofanya siku zote: alileta sura iliyotulia, naye mfalme akakutana na mtu anayetembea na kusema.

Sasa Sargent. Alizaliwa Florence mwaka 1856, wazazi Wamarekani, na alijifunza Paris kwa Carolus-Duran, mwalimu aliyewakataza wanafunzi kuanza na mistari halafu kujaza rangi kama mtoto na daftari. Unatafuta kwanza ile rangi ya kati, isiyo mwanga wala giza, unaiweka mahali pake kwa brashi, kisha unapanda kwenye mwanga na kushuka kwenye giza, mbichi juu ya mbichi, yote kabla rangi haijakauka. Mwaka 1879 Sargent alikwenda Madrid kunakili picha za Velázquez, mchoraji wa kale wa Uhispania, na mwaka uliofuata Haarlem, Uholanzi, kwa ajili ya za Frans Hals, mchoraji wa kale wa huko. Hao ndio babu zake. Holbein si wa ukoo huo.

Alikuwa akiweka turubai karibu na mtu mwenyewe, anarudi nyuma hatua kadhaa, anatazama vyote kwa pamoja, kisha anakwenda mbele kupiga brashi moja na kurudi tena. Kutwa nzima ni miguu. Kazi ya namna hiyo huwezi kuifanya mtu akiwa ameshaondoka.

Mtazame Vernon Lee kwa karibu. Picha ni ndogo, kama sentimita 54 kwa 43. Mdomo uko wazi na meno yanaonekana, maana alikuwa anaongea. Miwani ni mistari kidogo tu na madoa ya mwanga. Fremu unaikamilisha wewe kwa jicho lako. Kola nyeupe ni rangi nzito iliyoburutwa, na unaona nyayo za manyoya ya brashi. Sogea karibu, uso unavunjika vipande. Rudi nyuma, anaanza tena kukukatiza maneno. Holbein asingechora mdomo uliofunguka hivyo, kwa sababu mdomo wa namna hiyo haubebeki hadi London.

Msiniambie Sargent hakujua mstari. Angalia Madame X, picha ya Virginie Gautreau aliyoipeleka kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1884 na kuzomewa kwa sababu ya ule mkanda wa gauni ulioanguka begani, baadaye aliupandisha. Kwa picha hiyo alichora michoro mingi ya majaribio, akamgeuza uso upande, akamwacha awe ukingo mtupu: paji, pua, kidevu, shingo, vyote mstari mmoja. Kwangu mimi ni kazi yake iliyo karibu zaidi na Holbein, na ndiyo pia iliyo baridi kuliko zote.

Mimi kwa mazoea ni mtu wa Holbein, na si kwa kupenda. Oda zangu nyingi ni za marehemu. Mtu analeta picha ya kitambulisho, au anatuma kwenye WhatsApp picha iliyokatwa kutoka ya harusi, bega la mtu mwingine bado limo. Hakuna wa kurudi nyuma kumtazama. Unachukua ukingo, unaandika pembeni kitenge kilikuwa rangi gani kwa maelezo ya binti yake, na unapaka mwenyewe hayupo.

Mwezi uliopita nikajilazimisha upande wa pili. Nilimwomba bibi wa nyumba ya jirani akae barazani, nikatega simu ilie baada ya saa tatu kamili. Kwenye ngozi nyeusi ile rangi ya kati ndiyo inayotesa: kwenye kivuli niliiona hudhurungi, kumbe ilikuwa na bluu ya bati la jirani. Dakika 40 ziliishia shavuni. Miwani yake niliipata kwa pigo la pili na sikuigusa tena. Alisimulia habari za shamba la mikarafuu muda wote, kichwa hakikutulia, na simu ilipolia sikio moja lilikuwa bado halijaumbika.

Alikuja akasimama mbele ya turubai, akaisogelea mpaka pua ikawa karibu kugusa rangi, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Ni mimi," akasema. "Lakini mjukuu wangu, mbona umeniepua mbichi?"