"Si Mfupa Ni Mweupe Tu?"

Nimeulizwa tena: kazi ya kutenga pingili za mgongo na mbavu kwenye picha za CT inachelewa nini, wakati mfupa unaonekana mweupe pe? Weka kiwango, chukua kila kilicho juu yake, basi.

Haya, tuweke. Kwa vipimo vya Hounsfield, yaani namba za weupe kwenye CT, hewa ni -1000, maji 0. Tuseme mfupa unaanzia 200. Mgonjwa akichomwa dawa ya kontrasti, aota, mshipa mkubwa wa damu, inavuka 200 bila taabu, nayo imelala mbele ya pingili kabisa, kwa hiyo unaambulia mfupa na mshipa vimeshikana. Bibi wa miaka 80 aliyepungukiwa madini, ndani ya pingili zake unaweza kukuta Hounsfield 80 tu. Programu yako inamletea maganda matupu. Shusha kiwango ili umpate bibi, na figo zenye kontrasti nazo zinaingia.

Hilo lakini lina dawa, tusikae nalo. U-Net, mtandao wa neva wa kutenga sehemu za picha, ilitoka 2015, nnU-Net ikafuata, na programu ya TotalSegmentator ya Basel inakuchorea pingili na mbavu moja moja, bure.

Kinachonichosha ni hii: "Dice 0.95, tumemaliza." Dice hupima tu mchoro wa programu unavyolaliana na wa mtu, 0 hadi 1. Chukua wagonjwa 20. Kumi na tisa wamepata 0.95, mmoja, programu imekosea hesabu kwa pingili moja, L3 (pingili ya tatu ya kiuno) ikaitwa L4 na nyingine zote zikafuata, akaambulia sifuri. Wastani: 0.90. Modeli ya mwenzako inakosea kingo kidogo kwa wote 20, nayo ina 0.90. Kwenye jedwali zinalingana. Huko chumba cha upasuaji, ya kwanza inaweza kumpeleka daktari kwenye pingili isiyo na tatizo.

Na kuhesabu kwenyewe! Picha ya kiuno kwa kawaida haifiki shingoni. Ni kuhesabu mabehewa bila kuona kichwa cha treni. Tunashikilia ubavu wa 12: pingili yake ni ya mwisho ya kifua, inayofuata ni L1. Sasa kuna watu wana jozi 13, wengine 11, wengine L5 imeungana na sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, upande mmoja. Na ubavu wa mwisho ukiwa kijiti tu, ni ubavu kweli au ni chomozo la pembeni la L1? Mashindano ya VerSe ya 2020, ya programu za kutenga pingili, yaliweka lebo za T13 (pingili ya 13 ya kifua) na L6, nawashukuru, ila lebo huwekwa na watu, na watu hubishana. Mtaalamu mmoja wa radiolojia anasema T13, wa pili L1, kila mmoja na hoja inayoeleweka. Modeli imsikilize nani?

Sina jibu. Programu yangu nimeiruhusu isiwe na hakika: inachora pingili, inaacha namba wazi, inaomba picha ya mgongo mzima. Watumiaji wananuna, wanataka namba. Na hata mgongo mzima ukija, ukakuta pingili 25 juu ya sakramu badala ya 24, bado hujui ya ziada ni ya kifua au ya kiuno, na fomu ya ripoti haina kisanduku cha "labda".